Idhini ya Mama na Nyota ya Shi'ra

Katika Ramadhani iliyopita, tulipokwisha sala ya Tarawehe, alitujia barazani kijana mmoja ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu chuoni. Alianza kwetu alifu na bee akiwa hajatimiza miaka sita, akahitimu Msahafu, kisha akaendelea na skuli mpaka sasa yumo katika mwaka wa mwisho wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, na ilimu anayoisoma ni fizikia. Jina lake hatutalitaja, kwani jambo alilotujia nalo ni la nyumbani kwao. Mama yake ametupa ruhusa ya kulieleza, lakini hakutupa ruhusa ya kuwaanika.

Jambo lenyewe ni hili. Walimu wake wamemshauri aombe nafasi ya kwenda ng'ambo kuendelea na masomo atakapopata shahada yake ya kwanza. Mama yake ni mjane, ana ugonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na macho yake yameanza kupungua nguvu. Kijana huyu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Wajomba zake wamegawanyika: mmoja asema aende, wawili wasema mtoto wa mjane hana ruhusa ya kuwa mwanachuoni, naatafute kazi ya kusomesha hapa Unguja amtazame mama yake. Ikaonekana basi aulizwe mwalimu wake wa chuo.

Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba jawabu tulikuwa nalo mdomoni kabla hajamaliza kueleza. Ni nani asiyeijua habari ya yule mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ruhusa ya kwenda katika jihadi, akaulizwa kama wazee wake wako hai, na alipojibu kuwa wako hai akaambiwa jihadi yake iwe kwao? Na ni nani asiyeijua habari ya Uways wa Qaran, ambaye yasimuliwa kwamba hakupata kumwona Mtume kwa macho yake kwa sababu ya kumtumikia mama yake huko Yemen, na juu ya hayo Mtume akamtaja kwa sifa njema mbele ya Umar (R.A.)? Kwa mwalimu wa chuo jambo hili lilikuwa jepesi. Kaa na mama yako, basi.

Lakini adabu ya anayetakwa shauri ni kusikiliza kwanza. Tukamwuliza ni ilimu gani hiyo inayomfanya mtu afikirie kumwacha mama mgonjwa, na ni kazi gani anayoifanya huko alikokuwa.

Akatueleza kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa utafiti mdogo wa kuufanya mwenyewe. Wake ulikuwa wa paneli za sola, hizi ambazo siku hizi twaziona juu ya mapaa mpaka mashamba. Alipewa paneli mbili za namna moja, akazifunga juu ya paa, moja akiifuta kila asubuhi na ya pili akiiacha na vumbi lake, na kila saa akipanda ngazi kwenda kupima umeme unaotoka katika kila moja na kuuandika katika daftari. Alitaka kujua vumbi linakula kiasi gani cha nguvu za jua. Wiki mbili za mwanzo matokeo yakawa ya ajabu: paneli chafu ikaishinda safi! Alifurahi sana, akidhani amegundua jambo ambalo hajaligundua mtu. Kumbe ni waya mmoja wa paneli safi uliokuwa umelegea katika kiungo chake, na umeme ukipotea hapo hapo. Kazi ya wiki mbili ikaharibika.

Alitwambia bila ya kuficha kwamba nia yake ya kwanza ilikuwa kuzichana karatasi zile na kuanza upya kama kwamba hakukutokea kitu. Mwalimu anayemsimamia akamkataza. Akamwambia aziandike tarehe zote, na tarakimu zote mbovu, na habari ya waya, na siku aliyougundua, kisha ndipo aendelee. Kijana asema siku ile ndiyo aliyoanza kufahamu fizikia ni kitu gani, ingawa alikuwa ameisoma miaka mingi na kushinda mitihani yake yote.

Maneno haya yalitugusa. Sisi tuliosoma kidogo ilimu ya Hadithi twajua jinsi maulamaa wetu walivyokuwa wakali juu ya mpokezi anayeficha udhaifu wa sanadi yake. Mtu aweza kuwa mchaji Mungu, mwenye kusali usiku, wala Hadithi yake isipokelewe, kwa kuwa husahau au huchanganya majina. Hatukujua kwamba katika vyumba vile vya vioo na nyaya imo amana ya namna hiyo hiyo.

Tukamwuliza, "Na sasa wataka kwenda ng'ambo kusoma paneli?" Akacheka, akasema la, ataka kusoma nyota. Tukamwuliza kwa nini nyota. Akatutazama kidogo, akasema, "Maalim, hukumbuki? Nilipokuwa nasoma Suratun-Najm nilikuuliza Shi'ra ni nini, ukaniambia niendelee na aya."

Hatukumbuki. Lakini twajijua, na hapana shaka ndivyo tulivyomjibu. Vyuo vyetu vina watoto arubaini katika chumba kimoja, na fimbo moja, na mtoto anayeuliza huonekana anawachelewesha wenziwe. Shi'ra, kwa wasiojua, ni nyota ambayo baadhi ya Waarabu wa zama za Ujahili walikuwa wakiiabudu, na katika Sura ile imetajwa kwa jina lake ili watu wajue kwamba nayo ina Mola aliyeiumba. Hayo twaliweza kumwambia kwa dakika moja.

Tukatoka naye uwanjani. Usiku wenyewe ulikuwa safi, na mwezi bado mchanga umekwisha kutua. Akatuonyesha kwanza zile nyota tatu zilizopangana safu moja, kisha akafuata mstari wake kwa kidole mpaka akafika kwenye nyota kubwa nyeupe iliyokuwa karibu na utosi. Hiyo ndiyo Shi'ra, nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku, ambayo Wazungu huiita Sirius. Iko mbali nasi kiasi ambacho mwanga wake hutumia zaidi ya miaka minane kutufikia. Kisha akasema jambo ambalo hatukuwa tumelisikia: kwamba Shi'ra si nyota moja bali ni mbili, na mwenziwe ndiye aliyemtia yeye katika hamu hii.

Mwaka 1844 mtaalamu wa Kijerumani, Bessel, aliona kwamba Shi'ra haiendi sawa angani bali yayumba kidogo, kama mtu anayetembea akivutwa mkono na mtu asiyeonekana. Akasema lazima pana kitu kizito kinachozunguka nayo. Kitu hicho kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1862 huko Marekani, na Alvan Graham Clark, mtoto wa fundi wa darubini, alipokuwa akijaribu kioo kikubwa kilichotengenezwa na baba yake. Ni nyota ndogo, hafifu, iliyozama katika mwanga wa Shi'ra. Ilipokuja kupimwa vizuri ikaonekana ina uzito karibu na wa Jua letu, na ukubwa wake ni karibu na wa ardhi hii tunayokaa. Kijiko kimoja cha chai cha vitu vyake kingekuwa na uzito wa tani kadhaa. Nyota za namna hii huitwa vibete vyeupe. Ni kama makaa yaliyobaki jikoni baada ya kuni kwisha: hakuna tena kinachoungua ndani yake, bali yabaki na moto wake wa zamani, ikipoa pole pole.

Sasa, hapa ndipo alipotuletea habari ya mwanafunzi mwengine wa fizikia, wa zamani, ambaye tangu siku ile tumeifuatilia habari yake sisi wenyewe katika vitabu tulivyoazimwa, na ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Jina lake lilikuwa Subrahmanyan Chandrasekhar. Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1910 katika mji wa Lahore, ambao leo umo katika Pakistani, katika nyumba ya Kihindu ya Kibrahmani ya watu wa Madras. Hakuwa Muislamu, wala hatusemi habari zake kwa ajili ya dini yake. Baba yake alikuwa mtumishi wa hesabu katika shirika la reli. Mama yake, Sitalakshmi, alizaa watoto kumi, na katikati ya kazi hiyo aliweza kuufasiri kwa Kitamil mchezo wa Ibsen, mwandishi wa Norway. Mtoto alisomeshwa nyumbani na wazee wake mpaka miaka kumi na miwili. Akina mama wanaosoma ukurasa huu wasipite upesi juu ya maneno hayo.

Ami yake, C. V. Raman, ndiye yule aliyepata zawadi ya Nobel ya fizikia mwaka 1930. Kwa hivyo ilimu ilikuwa nyumbani. Hata hivyo baba alitaka mwanawe aingie katika utumishi mkubwa wa serikali ya Kiingereza, kazi ya cheo na mshahara wa uhakika, na kijana alitaka hisabati. Mama akasimama upande wa mwanawe, akamwambia afanye analolipenda. Suluhu ikawa fizikia. Akaingia Presidency College ya Madras mwaka 1925, kabla hajatimiza miaka 15, akiandikwa mwanafunzi wa fizikia na huku akihudhuria darasa za hisabati.

Mwaka 1928, wakati wa likizo, alikwenda Calcutta katika maabara ya ami yake, na huko ikadhihirika kwamba kazi ya kushika vyombo si fungu lake. Yeye alikuwa mtu wa kalamu na karatasi. Mwaka huo huo akaja Madras mtaalamu mkubwa wa Kijerumani, Arnold Sommerfeld. Kijana wetu alikuwa amekisoma kitabu chake juu ya atomu mpaka akakifahamu, akaenda kumwona hotelini kwa fahari ya mwanafunzi aliyehifadhi. Sommerfeld akamweleza kwamba yote yaliyomo katika kitabu kile yamekwisha kupitwa na wakati, kwani katika miaka michache tu ilimu ya atomu ilikuwa imegeuzwa juu chini. Kisha akampa karatasi za makala yake mapya ambayo hayajatoka hata chapani.

Tumelifikiri sana tendo lile la mzee Sommerfeld. Mwalimu anamwambia mwanafunzi kuwa kitabu chake mwenyewe hakifai tena, na papo hapo anampa kingine! Kijana hakukata tamaa. Alizichukua karatasi zile, na kabla mwaka haujaisha akawa ameandika na kuchapisha utafiti wake wa kwanza katika jarida la fizikia la huko India. Mwaka wa pili yake, 1929, makala yake mengine yakachapishwa na Royal Society ya London, akiwa bado ni mwanafunzi asiye na shahada yoyote.

Mwaka 1930 alipomaliza, serikali ya India ikampa msaada wa kwenda kusoma Cambridge. Na mama yake alikuwa mgonjwa, ugonjwa ambao haukuwa na matumaini. Jamaa wengi walimwona kijana huyu hana haki ya kuondoka. Yeye mwenyewe akasita. Aliyekata shauri ni mama: akashikilia kwamba lazima aende, wala hakukubali ugonjwa wake uwe sababu.

Aliondoka Bombay tarehe 31 Julai 1930. Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa Bahari ya Arabu huwaje mwezi wa Julai, wakati wa kusi. Siku za mwanzo abiria walikuwa wagonjwa na meli ikienda kwa taabu. Bahari ilipotulia, kijana wa miaka 19 akakaa sitahani na karatasi zake, akaanza kufikiri juu ya nyota za namna ya mwenziwe Shi'ra. Na swali lenyewe tutajaribu kulieleza kama tulivyoelezwa.

Nyota ni kitu kizito, na uzito wake wauvuta mwili wake ndani, kama nyumba inayotaka kuanguka juu ya misingi yake. Wakati inawaka, joto lake huisukuma nje na kuizuia isianguke. Ikisha kuwaka, ni nini kinachoizuia? Ralph Fowler wa Cambridge alikuwa amejibu mwaka 1926: vinavyoizuia ni vile vijipande vidogo vya atomu viitwavyo elektroni. Elektroni hazikubali kukaa mbili mahali pamoja kwa hali moja. Fikiri msikiti siku ya Idi: safu za mbele zikijaa, anayekuja nyuma hana budi kwenda safu za mbali. Safu za elektroni ni safu za mwendo. Kadiri zinavyobanwa pamoja, ndivyo zile zinazokosa nafasi za chini zinavyolazimika kwenda kwa kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo ndiyo nguvu inayoibeba nyota.

Kijana wetu akaona kasoro. Katika nyota nzito sana elektroni zingehitaji kwenda kwa kasi inayokaribia kasi ya mwanga, na Einstein alikuwa amekwisha kuonyesha tangu mwaka 1905 kwamba hakuna kitu kiwezacho kuupita mwanga. Basi safu zina mwisho. Ikifika hapo, nguvu ya kuibeba nyota haiongezeki kama inavyotakiwa, na uzito utashinda. Akapiga hesabu, akapata kwamba pana kiwango maalumu cha uzito ambacho kibete cheupe hakiwezi kukipita. Nyota iliyo nzito zaidi ya hapo haiwezi kumalizika kwa salama kama mwenziwe Shi'ra; itaendelea kuanguka ndani ya nafsi yake.

Hesabu yake ya kwanza, aliyoichapisha mwaka 1931, ilitoa kiwango cha chini, pungufu kidogo ya uzito wa Jua. Baadaye aliirekebisha, na leo yajulikana kuwa kiwango ni kama mara 1.4 ya uzito wa Jua. Yeye naye, kama kijana wetu wa paneli, hakuificha ile ya kwanza.

Mama yake alifariki mwezi wa Mei 1931. Yeye alikuwa Cambridge. Haukuwa umetimia mwaka tangu kuagana.

Tusikilizane hapa. Hadithi nyingi wanazosimuliwa vijana juu ya watu wa ilimu zina haraka ya kufika kwenye taji. Kijana anasoma, anasafiri, anarudi na sifa, na wazee wanalia kwa furaha. Habari hii haikwenda hivyo. Alipata udaktari wake mwaka 1933, na tarehe 11 Januari 1935 akasimama mbele ya wataalamu wa nyota mjini London kueleza hesabu yake iliyokamilika. Baada yake akasimama Sir Arthur Eddington. Huyu alikuwa mkubwa wa ilimu hii katika zama zake. Ndiye aliyekwenda kisiwa cha Principe, katika pwani ya magharibi ya Afrika, mwaka 1919 kupiga picha za kupatwa kwa jua zilizoithibitisha nadharia ya Einstein. Miezi kadhaa alikuwa akija chumbani kwa kijana kutazama hesabu zinavyokwenda, wala hakusema neno la kupinga. Siku ile, mbele ya watu, akaifanyia mzaha kazi yote, akisema haiwezekani nyota kufanya upuuzi kama huo, na lazima ipo kanuni ya maumbile ya kuuzuia. Watu wakacheka.

Wakubwa wengine wa fizikia waliulizwa kwa siri, nao wakasema hesabu ya kijana ni sawa. Lakini hakuna aliyesimama hadharani kulisema hilo mbele ya Eddington. Tunaandika haya kwa huzuni, kwa kuwa haikuwa ada ya Wazungu peke yao. Na sisi tumekaa katika mabaraza ambamo kila mtu alijua mzee amekosea, na hakuna aliyefungua kinywa.

Chandrasekhar alirudi kwao India mwaka 1936, akaoa Lalitha, ambaye alisoma naye fizikia Madras, kisha wakahamia Marekani katika Chuo Kikuu cha Chicago. Akaiandika kazi yake katika kitabu mwaka 1939, akaifunga, akageukia mambo mengine ya ilimu. Hakumtukana Eddington. Mwaka 1982, ilipotimia miaka mia tangu kuzaliwa kwa mzee yule, alialikwa Cambridge kuhutubu juu yake, akahutubu kwa heshima, akitaja ukubwa wake na makosa yake pia. Mwaka 1967, wakati mwanafunzi wa kike, Jocelyn Bell, alipogundua nyota zinazotoa mapigo ya redio kama saa, watu wakaanza kuona kwa vyombo kwamba nyota nzito zaanguka kweli kweli na kuwa vitu vidogo na vizito kuliko hata vibete vyeupe. Zawadi ya Nobel ikamfikia Chandrasekhar mwaka 1983. Kutoka sitaha ya meli mpaka siku ile ni miaka 53. Alifariki mwaka 1995.

Kuna watu watakaotaka tuseme kwamba hesabu hizi zote zimo ndani ya aya inayoitaja Shi'ra. Hatutasema hivyo. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakihitaji kutetewa kwa nadharia ambayo kesho yaweza kurekebishwa kama ile ya mwaka 1931. Yatosha kwamba tumeamrishwa kutazama mbingu na kufikiri, na watu wetu wa zamani walitazama kweli: Abdul-Rahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota huko Uajemi katika karne ya nne ya Hijra, na majina mengi ya nyota ambayo Wazungu wanayatumia hata leo ni ya Kiarabu. Sisi ndio tuliofika mahali pa kumwambia mtoto aendelee na aya.

Kijana alipomaliza ilikuwa karibu na saa sita ya usiku. Tukamwambia kwamba jawabu letu la kwanza tumelirudisha, lakini hatukuwa na la pili la kumpa, kwani idhini si yetu wala si ya wajomba. Uways hakukatazwa na shekhe. Alijua hali ya mama yake, akakaa. Yule wa Madras naye hakuruhusiwa na baraza la ukoo. Aliruhusiwa na mama aliyejua anachokitoa. Neno hilo la kujua ndilo lililotutia wasiwasi. Tukamwuliza kama amemweleza mama yake kwamba masomo hayo yaweza kuchukua miaka sita au saba, kwamba hayana ahadi ya utajiri, na kwamba huenda akarudi asimkute. Akainamisha kichwa. Alikuwa amemwambia kuwa ni miaka miwili tu.

Tukamwambia aende akamweleze upya, yote, pamoja na ule waya.

Siku ya tatu tulikwenda sisi na watu wa nyumbani kwetu kumtazama. Tulimkuta ukumbini ameketi juu ya mkeka, binti yake akimpima sukari kwa kile kidude cha kutoboa kidole. Alikuwa amekwisha elezwa. Hakulia wala hakulaumu. Alitaka tumsimulie habari ya yule mama wa Kihindi, tukamsimulia kama tulivyoiandika hapa, bila ya kuacha mwezi wa Mei 1931. Akauliza, "Na huyo mtoto alirudi kwao lini, Maalim?" Tukamwambia 1936. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Kisha akatoa masharti yake. Binti afundishwe kuchoma sindano ya insulini vizuri, mbele ya daktari, wala asitegemewe kaka yake kwa hilo tena. Mjomba mkubwa aandikiwe kwa maandishi ni nani atakayelipa dawa. Na katika zile karatasi za maombi, panapoulizwa habari za wazee, isiandikwe kwamba mama yake hajambo. Mjomba mmoja alitaka kusema neno. Akamzuia kwa mkono.

Usiku ule, baada ya Tarawehe, alitaka atolewe uani aonyeshwe hiyo Shi'ra. Mwanawe akamshika bega akamgeuza uso juu. Alitazama muda mrefu, akasema aona kitu cheupe, na kwa macho yake hayo hakuweza kusema zaidi. Akauliza mwenziwe yuko upande gani. Kijana akamwambia kwamba hata yeye hajapata kumwona. Hutakwa darubini kubwa, wala huku haiko.

Karatasi za maombi zilipelekwa wiki ya mwanzo ya Shawwal. Mpaka tunaandika haya, majibu hayajafika.